Jeki Huinua, Haibebi

Nyakato, Mwanza

Baba Mkubwa Ogweno,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea. Unanitaka niache kazi ya gereji, nirudi Shirati nikafundishe, kwa kuwa baba alifia chini ya lori na hutaki kunizika mimi pia. Kabla sijajibu, niruhusu nikueleze ya leo.

Mzee Makame, dereva wetu wa lori la dagaa, alirudi na pancha. Kwa haraka akaweka jeki ndogo juu ya jiwe, kama wafanyavyo madereva wengi wa Mwanza, ambako jiwe halitafutwi. Nikamzuia.

"Binti, hiyo digrii yako inainua lori?"

"Haiinui, mzee. Lakini jeki hii haiuwezi mzigo huu, na jiwe hupasuka."

Mafundi wakacheka. Nikaleta jeki ya tani ishirini, nikaitandikia ubao mnene, kisha nikasimamisha stendi, kigoda cha chuma, chini ya ekseli.

"Jeki nzima hiyo! Stendi ya nini tena?"

"Jeki huinua, mzee. Haibebi."

Tairi lilipotoka, nati ikadondoka, naye mzee akapenyeza mkono chini ya ekseli kuiokota. Ghafla jeki ikavuja mafuta, ikanywea. Lori likatua juu ya stendi, likatulia.

Mzee aliutoa mkono taratibu, akautazama, kisha akasema mbele ya wote, "Shikamoo, binti."

Nikamrudishia shikamoo yake.

Baba Mkubwa, hata jeki ya baba ilikuwa nzima. Stendi ndiyo haikuwepo. Kwa hiyo sirudi.

Mwanao akutiiye katika mengine yote,
Achola