Ritifaa Kwenye Jiwe

Nkubu,
Jumapili ya mwisho ya likizo ya Agosti.

Babu,

Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Nyanya amesema yasikufikie. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ulivyonizoesha. Nyumbani tuliongea Kimeru, lakini ukiniandikia shuleni ulibadilisha lugha, ukasema Kimeru ni cha mdomo na barua ni ya Kiswahili.

Kwanza habari za hapa. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kahawa ya upande wa mtoni imeng'olewa na tumepanda avokado, ambazo bado ni fupi kuliko magugu. Kiti chako kiko palepale barazani. Paka ndiye anayekikalia, na Nyanya hamfukuzi. Kanisani wamempa mtu mwingine kazi yako ya kugonga kengele na huwa anachelewa. Watu wanasema watamzoea tu.

Habari kubwa ni ya jiwe. Baba mdogo Kirimi amenunua jiwe la kaburi lako, na fundi wa karibu na soko atalichonga kesho, kabla Kirimi hajarudi kazini Embu. Fundi huyo anasema mawe ya aina hii hupukutika ukichonga herufi ndogo, kwa hiyo lazima ziwe kubwa. Alipima, akatuambia mistari ni minne, na kila mstari usizidi herufi kumi na tatu. Nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa kama herufi, na ritifaa, ile alama iliyo katika jina lako, pia. "Mniletee yakiwa yamepangwa," alisema. "Mimi huchonga ninachoona, na nikishachonga hakuna kufuta."

Nilipewa kazi ya kupanga maneno kwa sababu nasoma somo la kompyuta. Vipimo vilinifikia shuleni wiki ya mwisho ya muhula, na Mwalimu Kawira alikuwa ametuambia tuandike programu ya kupanga maneno kwenye mistari, kila mtu achague maneno yake. Makena, ambaye tunatumia kompyuta moja, alichagua vyakula vya hoteli ya mama yake. Mimi nikachagua jiwe lako.

Nataka uelewe jambo hili, kwa sababu lingekufurahisha. Wewe ukiandika na ukifika ukingoni mwa karatasi, mkono hushuka wenyewe. Mashine haijui ukingo. Inaendelea tu mpaka uiambie ishuke, na amri ya kushuka ni kistari kilicholala kinyume kikifuatwa na n, hivi: \n. Amri yenyewe haionekani kwenye kioo cha kompyuta. Utaona tu kwamba maneno yameanza mstari mpya. Mwalimu Kawira alituambia tusiitegemee mashine itukisie.

Niliandika hivi (print ndiyo amri ya kuandika kwenye kioo):

print('HAPA AMELALA ZAKAYO M'INOTI')

Mashine ikakataa. Kioo kikaandika maneno mekundu kwamba kuna kosa. Makena akainama akasoma, akasema, "Kinya, babu yako ameangusha kompyuta ya shule." Wasichana wa nyuma wakacheka. Nilicheka pia, kidogo. Mwalimu alikuja akatuonyesha. Ukifungua maneno kwa alama moja ya mtajo, mashine husoma mpaka ikutane na nyingine kama hiyo, ikadhani umefika mwisho. Ritifaa ya jina lako inafanana kabisa na alama ya kufunga. Kwa hiyo mashine ilisoma Zakayo, ikasoma M, ikaamua kwamba jina limekwisha. Inoti akabaki nje, na haikujua ni nani.

Wewe ndiye uliyeniambia kwamba M' hiyo si pambo, inaonyesha mtu anatoka kwa nani. Ulisema wewe ni wa Inoti, na Inoti alikuwa mtu.

Dawa yake ni rahisi. Unafungua kwa alama mbili na kufunga kwa alama mbili, halafu ritifaa inakaa ndani kwa amani. Makena alisema ingekuwa rahisi zaidi kama Wameru wangejiita Peter.

Baada ya hapo niliiambia mashine ikate maneno kila inapofika herufi kumi na tatu. Ilitii kabisa, ikatoa hivi:

HAPA AMELALA
ZAKAYO M'INOT
I MUME WA TAB
ITHA

Hesabu ilikuwa sahihi. Mistari minne, hakuna uliozidi. Makena alisoma kwa sauti ya mchungaji, "I, mume wa Tab," mpaka Mwalimu akamwambia akae. Basi nikaanza kuiambia mwenyewe mahali pa kushuka, neno kwa neno, na hapo ndipo nilipoona shida. "ZAKAYO M'INOTI" ina herufi kumi na nne. Bila ritifaa ni kumi na tatu, na kila kitu kinatosha kama kimepimwa:

HAPA AMELALA
ZAKAYO MINOTI
MUME WA
TABITHA

Nikiiweka ritifaa, lazima jina ligawanywe kwenye mistari miwili, na kwa kuwa sikutaka M'INOTI MUME yasomeke kama jina moja, mistari inakuwa mitano. Mwalimu alinichapishia ile ya minne, na ile ya mitano pia, nikaja nazo nyumbani.

Baba mdogo Kirimi aliziangalia jana baada ya chai. Alichagua ya Minoti, na sababu zake si za kipuuzi. Kitambulisho chako kiliandikwa Minoti. Hati ya shamba ni Minoti. "Mtu wa ofisi akija hapa akiuliza mwenye shamba yuko wapi," alisema, "akute jina moja, kwenye karatasi na kwenye jiwe. Mimi nafanya kazi na watu hao, nawajua."

Nyanya akaniambia nimsomee. Nilisoma kama ilivyoandikwa, Mi-no-ti.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni mzee, mama," Kirimi akasema.

"Minoti ni pesa. Mzee hakuwahi kuwa nazo."

Kirimi alimweleza habari ya kitambulisho, polepole. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sikuolewa na kitambulisho." Halafu akaniuliza mstari wa kwanza unasema nini. Nikamwambia, hapa amelala. "Kwani kuna mtu atadhani amesimama?" akasema. "Toa hiyo."

Nimeahidi kukueleza yote, kwa hiyo nakwambia pia kwamba Kirimi alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na kwamba kicheko hicho kiligeuka kuwa kitu kingine, akatoka nje akajifanya anaangalia ndama. Hilo ndilo Nyanya alilosema nisikwambie.

Nilipoutoa ule mstari, yote yalienea bila kupunguza hata herufi moja ya jina lako:

ZAKAYO
M'INOTI
MUME WA
TABITHA

Nilifikiri mambo yameisha. Lakini Kirimi aliporudi ndani aliniambia jambo moja, bila hasira. Alisema, "Kinya, yeye mwenyewe alikubali kuitwa Minoti miaka yote hiyo. Alitia sahihi hivyo, alipiga kura hivyo. Kama yeye aliiacha ritifaa, sisi ni nani wa kuirudisha?" Mwishowe Kirimi alinipa karatasi ya Minoti na ile mpya niliyoiandika kwa mkono, akasema, "Wewe ndiye uliyepanga. Peleka moja asubuhi. Sitabisha."

Kwa hiyo ziko hapa mbele yangu, chini ya bakuli zisipeperuke. Nimeamua kupeleka ya ritifaa. Ninakuahidi kwamba nitasimama karibu na fundi hadi aichonge, kwa sababu ni alama ndogo, na mtu asiyekujua anaweza kudhani ni mkwaruzo wa karatasi akaipita. Nitamwonyesha kwa kidole. Nikimaliza shule nitasomea kazi hii ya kompyuta, nikiweza, na programu nitakazoandika zitapokea majina ya watu wa huku jinsi yalivyo.

Kwaheri, Babu. Upumzike, na usitusumbukie. Nyanya anakula, analala, na anawagombeza watu kama kawaida.

Lakini sitaki kukuamulia jambo ambalo ulikuwa umeliamua. Fundi anafungua asubuhi, basi nijibu kabla ya hapo, kwa njia yoyote unayoweza: siku ile karani wa vitambulisho alipoandika Minoti na kukusukumia karatasi utie sahihi, uliona ritifaa haipo ukaiacha iende, au hakuna aliyekuuliza?

Mjukuu wako,
Kinya