Safari ya Kuwasahau Ng'ombe

Murat, tarehe 19 Juni

Dada yangu Arlette,

Nakusalimu kwa mapenzi na kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, goti limepoa, na mvua ya juma lililopita haikuyalaza maharage yako chini. Mimi mwili hauna neno. Kula ninakula, kulala ndiko kunakonishinda. Keki yako ya jozi tuliimaliza siku ya pili tu, na rafiki yangu Firmin aliniagiza nikwambie kwamba tangu azaliwe hajala keki iliyomnyamazisha muda mrefu namna ile. Siku hiyo bado tulikuwa tunacheka.

Najua ulikuwa unangoja kadi yenye picha ya mlima na maneno mawili nyuma yake. Badala yake nakuletea kurasa hizi, na naomba uzisome ukiwa umeketi, peke yako, kabla hujatoka kwenda kununua mkate. Ukifika mbele utaelewa kwa nini.

Unakumbuka tulivyoipanga safari hii jikoni kwako. Wiki mbili, barabara ndogo tu, bila haraka. Wewe ndiye uliyesema kwamba mtu aliyekama ng'ombe asubuhi na jioni kwa miaka arobaini na mmoja hajapata kuiona nchi yake mwenyewe, na kwamba nimtoe Firmin pale kwenye banda tupu kabla hajarukwa na akili. Ulisema kweli. Ng'ombe sitini na wanne walipakiwa kwenye malori mwezi Machi, na tangu siku ile kila aliyepita njia ile alimwona amesimama mlangoni mwa banda kama mtu anayengoja kuitwa. Mkewe Huguette alikuwa ameshakwenda Tours kwa binti yao, Clémence. Watu wakiulizwa walisema amekwenda kupumzika. Lakini nguo za baridi alizichukua.

Basi tukaondoka Jumatatu. Nilifungua madirisha, nikaendesha polepole kwa makusudi, nikitaka aone mto, aone makanisa, aone mashamba ya watu yalivyo mazuri mwezi Juni. Aliviona, sikatai. Lakini kila palipokuwa na malisho yenye ng'ombe ilibidi tusimame. Hakuwa anawatazama kama mgeni anavyotazama, alikuwa anawahesabu. Aliegemea uzio, akaniambia yule wa tatu kutoka kushoto atachechemea kabla ya majani kukauka, na yule mwenye kiwele kikubwa amekamwa vibaya leo. Kisha, kabla sijapata hata kunyoosha miguu, alisema, "Twende." Mjini Argentat nilikuwa nimechukua vyumba vya siku mbili kando ya mto. Saa kumi na moja alfajiri nikamkuta ameshakaa garini, begi mapajani. Nikamwambia wenye nyumba hawajaamka, kahawa haijachemshwa. Akanijibu kwamba hata mbele ya safari kuna kahawa.

Ikawa hivyo kila siku. Mahali pa siku mbili tulikaa usiku mmoja, mahali pa chakula cha mchana tulikula tumesimama, mkate na soseji juu ya boneti ya gari. Salers, ambako watu hutoka mbali kuja kutembea, tulizunguka uwanja mara moja tukatoka. Nami ule ugonjwa wa kutotulia ukaniingia. Nikiegesha gari natamani kuondoka, nikiondoka naona kama nimesahau kitu nyuma.

Wenyeji walituona tulivyo. Bi Vidalenc, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni juu ya bonde, alituletea supu akatuuliza kama tunawakimbia polisi au tunawakimbia wake zetu. Firmin akamjibu kwamba mke mwenyewe ndiye aliyetangulia kukimbia. Yule mama akacheka, nami nikacheka. Kisha Firmin akaweka kijiko chini akaanza kumsimulia, kama alivyomsimulia muuza mafuta ya gari, na padri tuliyemkuta akipanda maua, na wazee wawili waliokuwa wakicheza mchezo wao wa mipira ya chuma.

Hadithi yenyewe unaijua, kijiji kizima kinaijua. Mwaka jana alikwenda mnadani, akanunua mtamba mwekundu. Huguette alimkataza. "Mama, mke wangu aliniambia," alisema Firmin. "Aliniambia, ‘Huyu mtamba macho yake siyapendi.’ Mimi nikamwambia macho hayatoi maziwa." Halafu masika haya ikafika zamu ya kupima, ile ya kila miaka mitatu, na kifua kikuu cha ng'ombe kikaonekana kwa kumi na mmoja kati yao. Sheria ikachukua kundi zima likachinjwe. Huguette hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikwambia," mara moja, na baada ya hapo hawakuwa na la kuzungumza. Firmin humalizia kila mara kwa kukiinua kiganja chake, kama alivyokiinua mnadani, na kumwonyesha msikilizaji. "Nimewaua mwenyewe. Kwa mkono huu."

Bi Vidalenc alimgusa bega, akamwambia mambo hutokea. Mimi nilikuwa nakata mkate. Kila alipoisimulia hadithi ile, Arlette, mimi nilipata kazi ya mikono: mkate, ramani, kufuta kioo cha gari.

Jana ndiyo siku niliyotaka kukuandikia habari zake. Tulikuwa tumelala kwenye shamba moja juu ya Murat, kwa msichana aitwaye Maëlle Chaumeil, aliyerithi ng'ombe thelathini kwa babu yake na bado anawakama kwa mtindo wa zamani wa huku, ndama akifungwa kwenye mguu wa mama yake ili maziwa yashuke. Nilipoamka kitanda cha Firmin kilikuwa kitupu. Nikatoka nikamkuta bandani. Alikuwa amemwomba Maëlle amwachie mmoja akame, naye akamwachia. Laiti ungemwona. Kichwa amekilaza ubavuni mwa ng'ombe, macho ameyafumba, mikono inakwenda yenyewe. Tangu Machi sikuwa nimeuona uso wake umetulia. Nikasimama penye uzio, nikamwomba Mungu Firmin asinione.

Walikuwa wakizungumza, naye Firmin, kwa kuwa ni mtu asiyejua kuficha, akamweleza. Ng'ombe wake sitini na wanne, kifua kikuu, mtamba wa mnadani. Niliona yule msichana anavyobadilika. Hakuwa na ubaya, na mimi kama daktari wa mifugo ningemwambia afanye vilevile. Ana ng'ombe thelathini na hana kingine duniani. Alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, samahani sana. Naomba utoke. Na viatu, tafadhali, vioshe pale bombani."

Firmin aliinuka akatoka. Aliviosha viatu vile, Arlette, mpaka nikaona ameshasahau anafanya nini. Soli, pembeni, kamba, kisha soli tena. Vilikuwa viatu vipya alivyonunua kwa safari. Banda lake havijawahi kulikanyaga. Alipomaliza alimwita yule msichana kwa mbali, akamwonyesha soli, akamwambia asikasirike, ni kosa lake, angesema kabla ya kuingia.

Tulishuka na gari kama kilomita nne hivi. Kisha nikaegesha kando ya barabara, penye ukuta wa mawe, nikazima injini. Firmin akauliza kama gurudumu limetoboka. Na hapo ndipo nilipomwambia kile ambacho sasa nakwambia wewe.

Mtamba yule hakuleta ugonjwa. Ugonjwa ulikuwepo kabla yake, na mimi nilijua.

Miaka mitatu nyuma, kwenye zamu iliyotangulia, nilikwenda kwa Firmin Alhamisi kusoma matokeo ya sindano za shingoni, zile za kupimia kifua kikuu. Jumamosi ilikuwa harusi ya Clémence, pale pale shambani. Wewe mwenyewe ulikuja na kofia yako ya buluu. Mahema yalikuwa yameshasimama uani, na Huguette alikuwa anapanga viti. Ng'ombe wa mwisho mlangoni, jina lake Noisette, ngozi yake ilikuwa imevimba. Nilipima mara mbili. Milimita tatu. Zaidi ya mbili lazima iandikwe, shamba lifungwe, na mnyama apimwe upya baada ya wiki sita. Firmin alikuwa nyuma yangu ananieleza habari za mpiga kodiani aliyempata. Nikaandika moja.

Nilijiambia nitarudi baada ya wiki sita kumpima kimyakimya. Wiki sita zilipofika nilikuwa na mafua. Zikapita nyingine, Noisette alikuwa na mimba. Kisha nikaona haya kuuliza habari zake, kisha sikufikiri tena, au nilijizoeza kutofikiri. Masika haya, wakati malori yanapakia, Firmin alinishika mkono akanishukuru kwa kuja kusimama naye. Nami nikamwacha anishukuru. Nilimsikia siku ile ile akisema ni yule mtamba, nikaitikia kwa kichwa.

Nilipomaliza kusema, aliuliza swali moja tu. Aliuliza, "Noisette?" Nikasema ndiyo. Ng'ombe wekundu walikuwa ng'ambo ya ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke hakuwahesabu. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akafungua mlango, akatoka. Alisimama hatua chache tu, kwa hiyo nilisikia.

"Huguette, ni mimi," alisema. "Hapana, sijaumia. Sikiliza. Si yule mtamba. Nasema si mtamba, Huguette. Alikuwa mzima. Aliugulia kwetu."

Sijui mkewe alijibu nini. Najua Firmin alikaa chini kwenye majani yenye umande, mzee wa miaka sitini na sita, simu sikioni, akisikiliza tu na kuitikia. Jina langu hakulitaja. Nililingoja, nikalitamani hata, lakini hakulitaja.

Aliporudi aliniomba nimpeleke stesheni. Hapakuwa na treni mpaka leo asubuhi, kwa hiyo tulilala hapa mjini, nyumba moja, vyumba mbalimbali. Chakula cha jioni alikula. Alinipitishia chumvi nilipoiomba. Leo kwenye jukwaa la treni nilijaribu kusema maneno niliyoyatayarisha usiku kucha, akanizuia kwa kiganja. Haya ndiyo aliyoniambia, nayaandika kama yalivyo kwa sababu sitaki kuyalainisha:

"Régis, kuhusu ng'ombe ningeweza kukusamehe. Ulifanya kwa ajili ya mtoto wangu, mpumbavu wee. Lakini hizi asubuhi zote ulizoniacha niwaambie watu ni mimi, huku wewe unakata mkate. Hizo sijui. Usiniulize."

Treni ikaja. Begi alilipandisha mwenyewe. Alikaa upande wa pili, ule usiotazama jukwaa.

Nimekwisha kuiandikia ofisi ya mifugo ya mkoa. Barua niliitia posta stesheni, kabla sijapata nafasi ya kujibembeleza. Watanifungia kazi, na bila shaka watanifikisha mahakamani, na kibao cha Daktari Delbos kilichokaa getini kwetu tangu enzi za baba kitang'olewa. Kwa hilo nakuomba radhi wewe kuliko mtu yeyote, kwa sababu jina lile ni lako pia, nawe ndiye utakayesimama kwenye foleni ya mkate watu wakinyamaza unapoingia. Nilitaka habari hii uipate kwa mkono wangu kabla ya vinywa vyao. Wakikwambia nilifanya kwa wema, usikubali. Alhamisi ile ndiyo ilikuwa wema. Miaka iliyofuata ilikuwa woga.

Tafadhali usimwendee Firmin kuniombea. Hayupo, ameshuka Tours, na hata akirudi, mwache. Huguette naye akirudi, ukikutana naye sokoni, msalimie tu, umwulize habari za Clémence.

Nisalimie wajukuu wako, na umwambie mdogo kwamba konokono wa kisukuku, aliyegeuka jiwe, niliyemwahidi nimempata, yumo kwenye sanduku. Msalimie pia jirani yako Bi Peyrat na paka wake mwenye kiburi. Mimi nitaiacha barua hii itangulie, keshokutwa nitashuka kwa barabara ile ile tuliyopandia, bila kusimama, nikijaaliwa nitakuwa nyumbani jioni. Taa yako nitaiona tokea kona ya kanisa. Kama hutaki nibishe hodi, nitaelewa, ila nifungulie uniseme usoni, hata kwa matusi. Usininyamazie, dada. Kunyamaza tumeshakuwa nako nyumbani kwa miaka mitatu bila wewe kujua.

Ni mimi ndugu yako,

Régis