Glavu za Wodi ya Juu

Dagoretti Corner,
7 Machi 2005

Kwa dada Munyiva,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila kikohozi cha mwanangu Kiema hakijaisha. Natumai huko Ngara mko salama. Simu zako sizipokei, maana ukianza kunibembeleza nitalegea.

Yule Mzungu wa wodi ya juu alisema muuguzi Mwafrika asimguse bila jozi mbili za glavu, hata akimpa maji. Sawa, wagonjwa husema mengi. Lakini wewe, metroni, niliyenyonya nawe ziwa moja, ukaifanya amri na kuibandika ukutani. Nilipokataa ukanirudisha nyumbani hadi niombe msamaha. Kwa kosa gani? Ngozi hii si ndiyo yako?

Ibandue karatasi hiyo.

Mdogo wako,
Kavutha

Ngara,
12 Machi 2005

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mpe Kiema tangawizi. Mimi ni presha tu.

Hasira hasara, Kavutha. Watu wa mgonjwa yule ni wafadhili wetu. Mimi nimeambiwa makubwa kuliko hayo nikameza, ndiyo maana leo ni metroni. Glavu ni mpira tu. Andika mistari miwili ya msamaha, urudi kazini.

Dada yako,
Munyiva

Dagoretti Corner,
30 Machi 2005

Munyiva,

Leo sina salamu. Wahu, muuguzi wa leba, amepita hapa akilia. Glavu zote zilipelekwa wodi ya juu, stoo ikabaki tupu, kisha mama mmoja akaletwa, mtoto akiwa ameshaanza kutoka. Wahu alikuwa na kidonda kidoleni. Angefanyaje, amwache mtoto aanguke? Alimpokea kwa mikono mitupu. Mama huyo amepimwa, ana virusi vya UKIMWI. Sasa Wahu anameza dawa za kuzuia, anatapika, anangoja kupimwa tena.

Mzungu jozi mbili, mama Mwafrika hata moja hana. Ulijua stoo iko tupu? Nijibu hilo tu.

Kavutha

Ngara,
4 Aprili 2005

Mdogo wangu,

Nilijua. Leba waliniambia asubuhi ile, nikawajibu wangoje.

Karatasi nimeibandua. Mzungu alipolalamika nilimwambia mikono iliyopo ni hii, asiyeitaka atafute hospitali nyingine. Ameondoka, na mkurugenzi ameniita kesho. Nadhani kazi imekwisha. Nina hasira, Kavutha, na nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Jana nilikwenda kwa Wahu, nyuma ya Adams Arcade. Hukuniambia ana mtoto anayenyonya. Daktari amemkataza kumnyonyesha hadi majibu yatoke. Mtoto alikuwa akilia, na maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi ya mama yake. Nilipoanza kusema pole akanikatiza.

“Metroni, pole utanipea siku ingine. Shika huyu mtoto. Mimi nikimshika atataka kunyonya.”

Nilimbeba. Alilia akitafuta ziwa kifuani mwangu mpaka akachoka, akalala.

Munyiva