Salfa, Embe na Pumzi Yangu

Jumatatu, 7 Julai 2025

Leo pumzi imeniishia hewani. Taarifa ya saa moja usiku, nasoma matangazo ya vifo. Marehemu ana watoto wanane na wote lazima watajwe. Nimefika wa tano – basi. Hewa hakuna. Kikafuata kikohozi. Shafii, aliyekuwa kwenye mitambo, akaniokoa kwa kupiga jingo, ule muziki wa kituo.

Mhariri wetu, Bwana Twahiru, alitoka ofisini kwake na kuniuliza kama nina mafua. Nikamjibu ndiyo. Sina mafua. Miaka sita nasoma habari katika redio hii na haijawahi kunitokea. Familia ya marehemu wanasikiliza, na mimi nawakatia majina ya watoto njiani!

Ni nini hiki?

Jumatano, 9 Julai

Nimechimbua kazi zangu za zamani kwenye kompyuta ya studio. Nimepata taarifa ya Januari. Sentensi ndefu ya mradi wa maji, yenye vijiji sita, nimeisoma kwa pumzi moja. Sauti imetulia kama maji ya mtungi. Halafu taarifa ya Juni. Sentensi fupi kuliko ile, nimevuta hewa mara tatu. Unaisikia kabisa, hh, hh, kama mtu anayepanda ngazi.

Katikati hakuna kitu. Mafaili ya Februari mpaka Mei yalifutwa kupata nafasi. Kwa hiyo najua kwamba kitu kimebadilika, sijui lini.

Kati ya Januari na Juni maisha yangu yamebadilika katika mambo mawili. Mume wangu Kasiani alianza kupuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho mwishoni mwa Mei. Na mimi nilianza vepu, sigara ya umeme, wakati wa Pasaka.

Ijumaa, 11 Julai

Niliandike hili vizuri, maana sijawahi kumwambia mtu.

Sijavuta sigara hata siku moja maishani. Shafii ndiye aliyekuwa mvutaji, pakiti nzima kwa siku, mpaka alipoletewa vepu kutoka Dar. Sigara akaacha kabisa. Siku yangu ya kuzaliwa akanipa na mimi moja, ya bluu, ladha ya embe. Akasema ni mvuke tu, kama wa kujifukiza. Unaichaji kama simu. Mwanzoni nilivuta kwa kucheka. Baadaye kabla ya taarifa, kutuliza moyo. Siku hizi hata kabla sijapiga mswaki.

Kasiani hajui. Si kwamba atanipiga au kunifukuza, si mtu wa hivyo. Ni aibu. Mke wa bwana shamba, mwanakwaya, anatoa moshi puani kama treni. Naificha kwenye mfuko wa hedifoni, navutia bafuni, nafungua dirisha.

Mara moja aliuliza nani anakula pipi za embe humu ndani. Nikasema ni sabuni mpya.

Jumapili, 13 Julai

Kasiani karudi kutoka Mpapura jana jioni. Siku za kazi yupo huko, anazungukia wakulima kata nzima, na muda unaobaki anahudumia mikorosho aliyoachiwa na marehemu baba yake. Amerudi wa njano. Nyusi njano, masikio njano, harufu ya kiberiti inamtangulia mlangoni.

Nikakohoa. Kweli nilikohoa, sikuigiza.

Akasimama palepale kizingitini akaniangalia. Akauliza kimeanza lini kikohozi hicho. Nikasema kipo kipo tu, tangu mwezi uliopita. Akarudi uani, akavua nguo zote nyuma ya kibanda cha kuku, akaoga huko kwa ndoo, nguo akafua mwenyewe. Usiku akalala sebuleni kwenye kochi, eti nywele zake bado zina vumbi.

Niliwaza kumwambia. Halafu nikawaza – mbona inawezekana kweli ni salfa?

Jumatano, 16 Julai

Maandishi ya kwenye vepu ni madogo kama mayai ya chawa. Leo nimeyapiga picha kwa simu nikayakuza. Nikotini. Imeandikwa wazi, na asilimia zake. Miezi mitatu nafikiri navuta embe!

Nilimwonesha Shafii kwenye chai ya saa nne. Hakushtuka. Akasema iko kidogo tu, na hata hivyo yeye zamani hakuweza kupanda ghorofa ya ofisi bila kusimama, sasa anapanda. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho yangu. Yeye imemtoa kwenye sigara. Lakini mimi imenitoa wapi? Mimi sikuwa mahali popote.

Nimeshindwa kumkasirikia. Nadhani hakuwahi kusoma yale maandishi, kama mimi.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda Mpapura kuona kwa macho. Kasiani hakutaka. Nikamwambia nimewakumbuka wakwe zangu, akanichukua.

Wanapuliza alfajiri, wakati upepo bado umelala. Mashine mgongoni inanguruma, bomba linaelekezwa juu, na wingu la njano linapanda ndani ya mkorosho na kutulia kwenye majani. Ukiwa mbali linapendeza. Upepo ulipogeuka kidogo likatujia sisi. Macho yakawaka, koo likawa kama limekwanguliwa kwa kijiko. Mama mkwe alikuwa amejifunga kanga mdomoni, akacheka, akaniambia yeye kila msimu anakohoa, mvua zikija kikohozi kinaisha. Amekohoa hivyo tangu Kasiani ni mtoto.

Kasiani akazima mashine. Akaja mbio, akanishika mkono mpaka ndani ya nyumba, akafunga madirisha. Sijamwona na hofu namna ile tangu tulipopata ajali ya bodaboda.

Mchana nikaenda nyuma ya choo na vepu yangu. Nilitaka kulinganisha. Kuvuta, kusikiliza. Kikohozi cha salfa kinakaa juu, kwenye koo na macho. Cha vepu kinakaa chini, kifuani, na kinakuja baadaye, nikishasahau. Au najidanganya? Mtu mmoja, kifua kimoja, asubuhi salfa, mchana embe. Huo si uchunguzi, ni mchanganyiko.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda kwa daktari. Zahanati binafsi, si mbali na sokoni. Daktari Modesta, mama wa makamo, miwani shingoni. Nilipofungua mdomo tu akasema, “Wewe ndiye wa matangazo ya vifo.” Nikatamani kurudi nyumbani.

Lakini nilimwambia yote. Kumbe ni rahisi kumwambia mgeni.

Akanisikiliza mgongo na kifua. Picha ya kifua ikatoka safi. Kisha akanipa kifaa kama filimbi nene, chenye mshale pembeni, nipulize kwa nguvu zangu zote. Mara tatu. Mshale haukufika anapotaka ufike kwa mwanamke wa umri na urefu wangu. Si vibaya sana, alisema, lakini njia za hewa zimekasirika. Inawezekana nina pumu ndogo iliyolala siku zote na kitu kimeiamsha.

Nikauliza kitu gani. Nikamwambia kuhusu mvuke. Akasema mvuke ni wa sufuria. Ule ni ukungu wa kemikali zilizochemshwa, na mapafu hayakuumbwa kwa ajili hiyo. Unaweza kuleta kikohozi, kubana kifua, na kwa mwenye pumu kuzidisha. Kuna nchi watu wamelazwa. Lakini hakunitisha, hilo nimelipenda. Alisema sigara wameifahamu kwa miaka mingi, hii bado changa, na atakayesema anajua yote ya miaka thelathini ijayo ni mwongo. Salfa nayo hakuiondolea lawama. Vumbi ni vumbi.

Akanitaka niache vepu na nikae mbali na salfa, nirudi baada ya wiki mbili kupuliza tena. Nikamuuliza, nikiacha vyote kwa pamoja nitajuaje ni kipi?

Akavua miwani. “Raheli, unataka kupona au unataka kujua?”

Nikamjibu vyote viwili. Akacheka, akaita mgonjwa mwingine.

Jumamosi, 26 Julai

Bila vepu tangu juzi. Kichwa kinagonga. Kila mtu anatafuna kwa kelele. Kasiani karudi, tayari ameoga hukohuko Mpapura, amevaa shati safi, kanunua samaki njiani. Nikamgombeza kwa ajili ya chumvi. Chumvi! Na samaki nimepika mimi.

 Akaosha vyombo.

Jumapili, 27 Julai

Kasiani ameamua kukodisha shamba.

Aliniambia baada ya ibada, tukiwa tunatembea. Kuna mfanyabiashara wa Mikindani, Isihaka, amekuwa akilitaka muda mrefu. Atalichukua kwa misimu mitatu. Isihaka ataweka watu wake wa kupuliza na Kasiani hatagusa tena salfa. Wakulima wengine ataendelea kuwashauri, lakini kwa mdomo, kutoka mbali.

Nikauliza mama yake anasemaje. Akasema mama analia, lakini ataelewa.

Mikorosho ile baba yake aliipanda mmoja mmoja. Kasiani anaifahamu kama watu, upo unaoitwa Bibi kwa sababu umeinama. Nikamwambia asiharakishe. Hapo akasimama barabarani.

“Mikorosho inapandwa,” alisema. “Sauti yako sijui inapandwaje.”

Pale ndipo nilipaswa kusema. Watu walikuwa wanapita, wanatusalimia. Nikasema twende, jua kali.

Jumanne, 29 Julai

Nimevuta. Choo cha ofisini, kabla ya taarifa. Mara mbili, labda tatu. Majina ya marehemu yalikuwa mengi.

Nimesoma vizuri. Ndiyo ajabu yake – nimesoma vizuri kabisa! Usiku huu kifua kinabana, kinapiga mluzi nikilala chali.

Ijumaa, 1 Agosti

Siku mbili safi. Asubuhi napumua mpaka chini, au nadhani hivyo. Kasiani hajaja nyumbani wiki nzima, kwa hiyo salfa pia haipo. Basi sijui lolote.

Nimemweleza Shafii habari za daktari, pamoja na ile filimbi. Nilifikiri atanicheka. Akafunga mlango wa studio, akaniuliza mshale ulifika wapi. Kisha akaniambia na yeye anaamka usiku akikohoa, tangu mwezi wa Ramadhani, na mkewe Saumu ameshalalamika. Hajaenda kupima. Anaogopa akiambiwa aache hii atarudi kwenye sigara. Nikamwambia daktari yule hagombezi. Akauliza kama nitamwandikia jina lake au nitampeleka. Nitampeleka.

Isihaka anakuja keshokutwa kukamilisha mambo ya shamba. Kasiani amepiga simu kusema niandae kuku.

Jumapili, 3 Agosti

Isihaka alikuja saa tano, kanzu nyeupe, mtu mpole, kaleta kitenge apelekewe mama mkwe Mpapura. Kasiani alikuwa mchangamfu kupita kiasi, anacheka mahali pasipochekesha. Mimi jikoni na kuku wangu. Nikamsikia akimweleza mgeni mkorosho gani huzaa mapema, upi una kichwa kigumu, ule Bibi usikatwe matawi. Hilo la Bibi akalirudia mara mbili. 

Nikamwita aje anisaidie kuinua sufuria. Sufuria ilikuwa nyepesi. Nikafunga mlango, nikaiweka vepu mezani kati ya vitunguu.

Nikamwambia. Tangu Pasaka. Bafuni. Sabuni ya embe haikuwa sabuni. Daktari, filimbi, pumu. Jumanne iliyopita pia.

Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.  Nilitegemea hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Akauliza jambo moja: siku zile anaoga nyuma ya banda la kuku na kulala kwenye kochi, nilikuwa navuta? Nikasema ndiyo.

Akainama. Baadaye akasema, “Kwa hiyo si salfa.”

“Sijui,” nikamjibu. “Labda si salfa. Labda ni vyote. Daktari mwenyewe hajui bado. Alhamisi hii narudi kupuliza.”

Laiti ningeweza kumwambia moja! Lolote. Angeshika shamba au angeliachia, moyo ukatulia. Badala yake nimempa nusu ya jibu, tena nimelichelewesha, na nusu nyingine hata mimi sina.

Akatoka. Nikasikia akimwambia Isihaka kwamba mambo ya nyumbani yamebadilika, asubiri kidogo, na amsamehe kwa usumbufu. Isihaka akasema hakuna shida, shamba halikimbii. Wakala chakula. Kuku alikuwa mtamu, mgeni alisema. Kasiani hakuniangalia, lakini aliniwekea paja kwenye sahani kama kawaida yake.

Sasa ni karibu magharibi. Alimsindikiza mgeni barabarani kuchukua bajaji, na amerudi, nimemsikia geti. Hajaingia ndani. Nimekwenda jikoni kuosha vyombo, vepu haipo mezani. Nimetafuta chini ya vitunguu, kwenye ndoo ya taka. Haipo.

Nimerudi chumbani, naandika hapa karibu na dirisha. Nasikia hatua zake nyuma, kule kwa kuku. Zimesimama. 

Harufu ya embe.

Anakohoa. Sana, kama mtu aliyepaliwa. Nadhani anakisikiliza kifua chake, kama mimi siku ile nyuma ya choo. Anavuta tena –