Usiukate Mfyulisi wa Bibi

Uyole, Mbeya
Januari

Baba yangu mpenzi,

Kamwene, Baba! Kamwene na Mama, najua amekaa karibu yako na anakwambia usome polepole. Hamjambo? Magoti yako yanasemaje na baridi hii ya mvua? Na yule ng'ombe mwenye madaha, amekubali kukamuliwa na kaka Faraja au bado anamtaka Mama peke yake? Sisi huku Uyole hatujambo. Mvua inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupayuka, viazi vimejaa sokoni, matope yamejaa mlangoni. Mkweo Ambakisye kifua kimemwachia na amesharudi gereji kwake.

Utashangaa kupata barua wakati juzi tu tumeongea kwenye simu. Lakini Baba, kweli tuliongea? Wewe ulisema, "Jumamosi chensoo inakuja, naangusha mifyulisi yote, napanda misindano ya mbao, msalimie mumeo," halafu ukakata. Simu kwako ni ya kutangazia misiba. Kitu kilichoandikwa ndicho unachokiheshimu: unakisoma mara mbili, na mara ya pili kwa sauti mbele ya nyumba nzima kama matangazo ya kanisani. Basi nimeandika. Nimempa barua Baraka, yule dereva wa lori la mbao anayerudi Mafinga kesho, na ameapa kuitia mkononi mwako kabla ya Jumamosi. Nimemfungia na maparachichi ili asisahau.

Ombi langu ni moja. Ile mifyulisi mingine ifanye utakavyo, lakini mti wa Bibi usiguswe.

Nakuona umeshaanza kucheka. Mti wa Bibi! Ule wa kando ya zizi, wenye matunda madogo yanayokausha mdomo hata yakiiva, mpaka ulimi unagoma kugeuka. Kazi yake nyumbani kwetu ni moja tu: kila mkwe anayeingia, wa kike au wa kiume, anapewa tunda moja mbele ya ukoo alile bila kukunja uso. Mke wa Faraja alitoa machozi. Ambakisye alilimaliza, akafuta mdomo, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mna lingine?" na wewe ukasema huyu Mnyakyusa apewe mke leo leo. Mpaka kesho anakiri kwamba ule ndio uongo mtamu kuliko wote aliowahi kusema.

Sasa nikukumbushe ugonjwa ulivyoingia shambani, na tafadhali usinikasirikie. Msimu wa mvua uliopita ulichukua msumeno ukaenda kupogoa mifyulisi. Ukaipogoa kama misindano, Baba! Matawi yote ya chini ukayaondoa mpaka usawa wa kichwa, mashina yakabaki yamenyooka kana kwamba yanasubiri kupasuliwa mbao. Sisi watu wa Mufindi ndivyo tulivyo, tukiuona mti wowote tunauona ubao. Na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha kila siku, vidonda vile vilikaa vibichi, ugonjwa ukapitia humo humo. Ulipoona utomvu unachuruzika na magome yanaoza, ukasema udongo umechoka. Udongo haujachoka hata kidogo.

Ila mti wa Bibi nao uliupogoa siku ile ile, kwa msumeno ule ule, chini ya mvua ile ile. Nilipokuja kuwaona wakati wa kipupwe niliuzunguka nikaukagua. Vidonda vyake vyote vilikuwa vimekauka na kufunga, hakuna utomvu, hakuna uozo. Nikakata vijiti vyake vichache, nikakata na vya ule mti mtamu wa mbele ya jiko, kisha nikabandua vipande viwili vya gome lililooza. Mama aliniuliza, "We Edina, huo uchafu unaupeleka wapi?" Nikamwambia naupeleka kazini. Akatikisa kichwa, akanifungia na mahindi mabichi, nadhani aliniona nimechoka akili.

Kazini kwetu, kama nilivyowaeleza, tunatafuta miti ya matunda inayostahimili magonjwa. Mkubwa wangu, Dokta Neema, aliniruhusu nivibebeshe vile vijiti, yaani nivifunge juu ya miche michanga mpaka vishikane na kuwa mti mmoja. Vilipochipua na kunenepa, tukachanja kila mche kidonda kidogo kwenye gome na kupaka ugonjwa ule ule uliotoka shambani kwako. Mti wa Bibi huku, mti mtamu kule. Halafu tukasubiri.

Wiki iliyopita nikaenda kuangalia. Baba, nilivunjika moyo. Kidonda cha mti wa Bibi kilikuwa cheusi tititi, kimezungukwa na pete ya kahawia. Kile cha mti mtamu kilikuwa safi, gome lina rangi nzuri, utadhani hakikuguswa. Nikajua basi, Bibi ameshindwa. Nilirudi nyumbani nikaacha ugali wangu mezani. Ambakisye akaniuliza nani amekufa, nikamwambia ni mti. Akasema, "Sijawahi kuona Mhehe akililia mti usiotoa mbao!" Nilimnunia, lakini baadaye ugali niliula.

Kesho yake Dokta Neema alikuja na wembe. Akabandua gome la ule mti mtamu uliokuwa unang'aa. Chini yake kumbe palikuwa pameoza, pamelowa, uozo umepanda juu na kushuka chini bila kizuizi. Akahamia mti wa Bibi, akabandua pale penye weusi. Weusi ulikuwa umeishia pale pale, na pembeni yake kuna ubichi wa kijani kabisa. Akaniambia, "Edina, ulikuwa unalilia nini? Huo weusi siyo ugonjwa. Ni mti umejifunga."

Nilipiga kigelegele humo humo kitaluni mpaka wenzangu wakaja mbio wakidhani nyoka.

Nikueleze alivyonieleza yeye, maana najua utauliza. Unakumbuka chai ya kule mashambani Mufindi, ukiisahau jikoni ikachemka bila maziwa, inavyokukamata ulimi? Na ndizi mbichi, na utomvu wake unavyoacha doa jeusi kwenye shati lisitoke tena? Ule ukakasi, na lile doa, ni kazi ya vitu ambavyo wataalamu wanaviita fenoli. Kila mti unavyo, ila mwingine una haba na mwingine umejaaliwa. Mti ukichubuliwa unavikusanya kwenye kidonda. Vikipata hewa vinageuka vyeusi, vinakuwa sumu kwa ukungu unaotaka kuingia, na vinasaidia kujenga ukuta mgumu ambao ugonjwa hauupiti kirahisi. Mti wa Bibi umejaa hivyo mpaka kwenye tunda. Tumeucheka ukakasi wake miaka yote, kumbe ndio uliouweka mzima.

Dokta amenionya nisikudanganye. Si kila mti mkakasi ni imara, na huu wa Bibi haujala kiapo kwamba hautaugua kamwe. Lakini kwa ugonjwa wako huu, tumeona kwa macho yetu.

Ninachotaka kufanya ni hiki. Tutaotesha miche kutoka kwenye vijiti vya mti wa Bibi, shina lake likue mpaka kifuani pamoja na matawi yake makubwa, kisha utamu wa mti wa jiko tuubebeshe huko juu kwenye matawi. Ugonjwa huu unaingilia shinani. Sasa ukifika shinani utamkuta Bibi, na wewe unamjua Bibi alivyokuwa na mgeni asiyealikwa! Mnunuzi sokoni atakula utamu, hatajua nani yuko chini. Lakini Baba, ile miche yangu ya majaribio nimeshaijeruhi yote kwa wembe na ugonjwa, haifai kuzalisha. Mti wenyewe ni huo mmoja tu ulioko kando ya zizi. Ukianguka Jumamosi, umeisha duniani.

Na nikuambie na la moyoni. Bibi aliileta mbegu ile kutoka kwao Kilolo ameifunga kwenye pindo la kitenge, siku alipoolewa. Vyungu vyake vimevunjika, kitenge kimechakaa, sauti yake nimeanza kuisahau. Mti ule nikiuona, namwona amesimama pale na ndoo ya maziwa. Nitalia ukiukata, nakwambia kabisa, na safari hii ugali sitaula.

Misindano sina ugomvi nayo. Panda kule mteremkoni, kuna nafasi ya kutosha, na majirani hawatasema umebaki nyuma. Hata hiyo mifyulisi iliyooza iondoe na uichome, usiiache iwe kuni karibu na nyumba. Mimi nitakuja kipupwe, majani yakishapukutika, na kisu changu cha kubebeshea. Ambakisye atakuja pia, anasema amepata hamu ya lile lingine aliloomba siku ile. Wewe utanishikia kamba na kunipa maelekezo, kama kawaida yako.

Msalimie kaka Faraja na mwambie msumeno ausafishe kwa maji ya jiki akitoka mti mmoja kwenda mwingine. Mkewe mpe pole tena kwa yale machozi. Shangazi Tulia, mlezi wa kwaya, mwambie vitenge alivyoniagiza vimepatikana, vya bluu. Mjukuu wako Lugano anakuamkia shikamoo, anasema umtunzie ndama mweusi. Wazee wenzako wa usharika nao uwasalimie, najua watasomewa barua hii Jumapili.

Najua pia kwamba wewe hushawishiki kwa maneno ya mtoto, hata kama ameajiriwa. Kwa hiyo tufanye kwa desturi ya nyumba yetu. Jumamosi asubuhi, kabla chensoo haijawashwa, chuma tunda moja la mti wa Bibi. Simama mbele ya Mama na Faraja, ule lote. Umewalisha wakwe wote wa ukoo huu, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuona wewe ukila. Usipokunja uso, kata, nami sitasema neno. Ukikunja, mpe mwenye chensoo chai, mwambie aende zake salama. Mama ndiye mwamuzi.

Nawapenda sana. Mungu awatunze mpaka nifike.

Ni mimi binti yako,
Edina

Mama, mchagulie la upande wa zizini. Yale bado mabichi.