Kengele ya Saa Sita

Kalenga, Iringa
17 Septemba 2023

Mdogo wangu mpendwa Sosthenes,

Kamwene! Hamjambo huko Mwanza? Matilda anaendeleaje, na yule mtoto kikohozi kimemwachia? Huku baridi imepungua na maharage yametoka vizuri. Mimi ni mzima wa mwili.

Baba sasa anakunywa uji bila kupaliwa. Mkono na mguu wa kulia bado, na kuongea bado. Najua kwenye simu nakujibu mkato mkato. Nakaa naye chumba kimoja na masikio yake ni mazima, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Siku ile alikwenda kigangoni kupiga kengele ya Malaika wa Bwana kama kawaida yake. Nilikuwa uani nachambua maharage. Ikalia mara tatu, ikalia mara mbili, kimya. Nikasema mzee leo kasahau kuhesabu, nikacheka. Nilicheka, Sosthenes. Muda si mrefu wakamleta wamembeba, mdomo umekwenda upande.

Jirani yetu Bartholomeo alikuwa ameshawasha gari. Mimi nikampigia kwanza baba mdogo Anord kule Uyole, maana unajua mambo ya kwetu: mkubwa wa nyumba hatolewi mlangoni kwake akiwa mgonjwa mpaka ndugu yake aje amwone. Akasema, "Msimtoe, mwanangu, napanda basi sasa hivi." Nikamwambia Bartholomeo azime gari. Tukamlaza baba, tukamkanda kwa maji ya moto, tukasubiri. Alinishika kwa mkono wa kushoto akawa ananivuta kuelekea mlangoni. Nikamwambia tulia baba, mdogo wako yuko njiani.

Baba mdogo alifika saa kumi na moja na nusu, vumbi tupu, akambeba mwenyewe mgongoni hadi garini. Hospitali ya mjini, jambo la kwanza daktari aliuliza ilianza saa ngapi. Nikajibu saa sita kamili, Kalenga nzima ilisikia. Akasema wengi wanaomfikia hawajui kama ilikuwa usiku au asubuhi. Kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo.

Wakamwingiza kwenye CT scan, ile mashine ya duara inayopiga picha ya ubongo. Majibu yalipotoka baba mdogo alikuwa dirishani anamwandikisha, nikaitwa peke yangu. Daktari alinieleza pole pole. Kipo kiharusi cha mshipa kupasuka na kipo cha mshipa kuziba, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Hiyo ndiyo kazi ya picha. Cha baba kilikuwa cha kuziba. Dawa ya kuyeyusha lile bonge la damu walikuwa nayo, ila ni ndani ya saa nne na nusu tu, baada ya hapo inaweza kumwaga damu kichwani. Na upande wa kushoto wa picha kivuli kilishaingia. "Hapa, mama, ndipo yanapotokea maneno yake," akaniambia. Nilipatazama. Ni padogo sana.

Sasa linaloniua ni hili. Baba mdogo anasimulia kila mahali kwamba asingewahi yeye, kaka yake angekufa, na watu wanampa hongera. Juzi kaja na gunia la viazi, akalia kwa furaha kumkuta baba amekaa. Nakuomba kwa jina la marehemu mama, usimwambie kamwe. Ni mzee, hataweza kulibeba. Aliyezimisha gari ni mimi, na mkono wa baba uliokuwa unavuta ulikuwa umenishika mimi. Wewe ni haki yako kujua. Ukinichukia nitaelewa.

Kengele siku hizi anapiga katekista. Ikilia saa sita, baba hunishika kwa mkono ule mzima akawa anaigonga kwa kidole kwenye kiganja changu: tatu, tatu, tatu, halafu zile tisa za mwisho. Hajakosea hata siku moja. Akishamaliza, ananivuta kuelekea mlangoni.

Nisalimie Matilda na watoto, na shemeji Dastan. Shangazi Devota anakusalimu sana. Mungu awatunze, na siku mmoja wenu akianguka, awape kuondoka saa ile ile bila kumngoja mtu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usiponijibu,
Faustina