Ng'ombe Atachagua Mwenyewe

Nyumbani,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Hujambo? Natumai u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Usiniandikie "nimepona" halafu nisikie kwa watu kwamba bado unabweka usiku kucha. Sisi huku miili haijambo. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida, baridi ikizidi hashuki ngazi za nyuma. Mimi na cherehani yangu tunasukumana hivyo hivyo. Wiki hii ni sare za shule, vidole vimeota sugu.

Habari si nzuri, na sitaizungusha. Ng'ombe wawili wamekufa. Alianza yule mweusi, akafuata mama yake. Amebaki Mapozi peke yake, naye hatujui kama atapona.

Unayakumbuka yale magugu ya bondeni, yenye maua ya manjano yaliyosongamana kichwani kama vifungo? Yale ambayo ukiyang'oa na mzizi ukakatika, mwakani yanarudi na ndugu zake. Ng'ombe hawakuyagusa hata siku moja. Walikula nyasi za pembeni, wakayaacha yamesimama, na Baba akawa anatuambia, "Ng'ombe si mjinga. Atachagua mwenyewe." Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote ya malisho, na haikuwahi kumwangusha.

Basi mwaka jana nyasi za juu zilikuwa haba. Baba akashuka bondeni na fyekeo lake, akafyeka kila kitu, maua na nyasi pamoja, akaanika, akajaza banda mpaka darini. Mama alimuuliza, na hayo ya manjano je? Akampa jibu lake lile lile. Sote tukaridhika. Kiangazi chote ng'ombe walikula, tena kwa hamu, na Baba akawa anapita bandani kifua mbele.

Kumbe! Daktari wa mifugo alipokuja, yule mweusi alikuwa amebaki mbavu tupu, anazunguka-zunguka, anasukuma ukuta kwa kichwa. Nililia, Kijiti, sikufichi. Daktari akaomba aone chakula chao, akachambuachambua, akatoa shina moja kavu. Akasema gugu hili likiwa bichi ni chungu, ng'ombe hulikwepa. Likikauka, uchungu unaisha, sumu inabaki. Linakula ini polepole, miezi na miezi, na ukija kuona dalili umeshachelewa. Dawa hakuna.

Baba hakubishana. Alilichukua lile shina mkononi mwa daktari, akalitia mdomoni, akatafuna. Nikapiga kelele, daktari akamshika mkono, ndipo akatema. Akasema tu, "Kweli. Si chungu." Halafu akaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka daktari akaondoka.

Yaliyobaki bandani tuliyachoma yote. Mapozi anakula nyasi mbichi ninazomkatia mwenyewe asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani. Anakula kidogo, na bado anajiona malkia, hataki ndoo yenye tope. Daktari anasema tusubiri.

Lakini anayeninyima usingizi si Mapozi. Ni Baba. Wewe unajua watu walivyokuwa wanamjia. Ng'ombe wa fulani kavimba tumbo, ndama wa fulani kakaa vibaya, mwiteni Mzee! Juzi jirani yetu fundi bomba alikuja kumuuliza habari za ndama wake asiyenyonya. Baba akamtazama, akamwambia, "Kamuulize daktari," akaingia ndani. Mimi nikimuuliza hata kamba ya Mapozi iko wapi, ananiambia nimuulize Mama. Mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu mpaka tukawa tunamcheka! Chakula anakichezea tu sahanini. Kutwa yuko bondeni na jembe anafukua ile mizizi, jua lake mvua yake, hasemi na mtu. Mjomba alimwambia maji yakimwagika hayazoleki, basi siku hizi hata Mjomba hasalimiwi.

Nina hasira, nikwambie ukweli. Nina hasira na lile gugu, nina hasira na mwaka jana, na wewe pia kwa kuwa mbali. Hilo la mwisho nisamehe, si haki.

Ninaogopa, mdogo wangu. Ninaona tunampoteza naye yuko palepale mezani.

Kwa hiyo nakuomba, usimwandikie pole. Pole amezipata tele, na kila moja inamzidishia. Usimwambie si kosa lake, hatakuamini hata ukiapa. Mwandikie umuulize kitu. Kitu ambacho wewe kweli hukijui na yeye anakijua, hata kama ni namna ya kunoa kisu kisichokata. Usibuni, atakugundua, unamjua. Muulize, kisha mwambie unangoja jibu.

Mama anakusalimu sana, anasema ule ushibe. Mjomba na mkewe wanakusalimu. Shangazi anauliza utaoa lini, nami nimemwambia akuandikie mwenyewe, maana mimi si wakili wako. Za Baba sina. Nilimuuliza kama ana neno la kukupelekea, akasema yeye hana tena la kumwambia mtu.

Mungu akufunike huko ugenini, na mikono yako isikose kazi wala moyo wako usikose mtu.

Wako akupendaye daima,
Dada yako.